Kundi ni lako au ni lenu? Maswali ya wasomaji kuhusu kuongoza ngoma na sanaa mtaani

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa viongozi wa makundi ya ngoma, kuanzia Kisauni mpaka Likoni, na nimezisoma zote mpaka usiku. Ya kwanza imenigusa sana kwahivyo itachukua nafasi kubwa, mnisamehe wengine.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Kisauni, kundi letu la ngoma na maigizo sasa lina mwaka wa tisa. Tulianza watu sita chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mamangu, tukafika ishirini na mbili, tunacheza sengenya, chakacha na mwanzele na kuna vijana wa sarakasi. Mimi ndo mwenyekiti, mimi ndo nafundisha, simu ya kazi ni yangu na pesa za hoteli zinaingia kwa M-Pesa yangu. Mwezi uliopita vijana saba wameondoka, wamebeba ngoma mbili na mahando, zile sketi zetu za kuchezea, wanasema nakula jasho lao. Wallahi Mwalimu sijala hata shilingi, zingine natoa mfukoni kwangu, masika ikiingia hakuna shoo na mtu akiugua anapigia mimi. Sasa wameanza kundi lao na wanaenda hoteli zile zile. Nimechoka nataka kuacha, lakini jumamosi watoto wa mtaa wakija kupiga hodi nashindwa kuwafukuza. Niwashtaki ama niwaache?

JIBU: Marahaba dadangu, na pole, pole sana. Nakuamini. Nimekuamini pale uliposema unatoa mfukoni kwako, manake kila aliyeongoza kundi la ngoma hapa Mombasa anaijua hiyo habari, unanunua maji ya wachezaji kwa pesa ya mboga na hakuna anayeona.

Lakini nisikize kwa makini. Mimi kukuamini hakuwasaidii wale saba, wao hawakuwa na kitu cha kutazama. Hebu chukua simu yako sasa hivi ufungue meseji za M-Pesa za siku ya shoo yenu ya mwisho. Utaona hoteli imetuma, chini yake umelipa matatu, chini yake umenunua tokeni za stima za nyumbani, alafu umemtumia mchezaji mmoja elfu moja, alafu unga, alafu mchezaji mwengine. Wewe unajua ipi ya nani kwasababu uko ndani ya kichwa chako, lakini kijana wa miaka ishirini na mbili amekaa nje, anachojua ni kuwa hoteli imelipa na yeye amepata elfu moja. Hapo katikati atajijazia mwenyewe, na mtu akijijazia hajijazii mazuri.

Hili lilinipata mimi pia, wakati nina kundi langu la kwanza pale Majengo. Nilikuwa naandika kila kitu, nina daftari kabisa la kurasa mia mbili, lakini lilikaa chini ya godoro langu. Siku moja baada ya mazoezi kijana akaniuliza mbele ya watu, Mwalimu tuone daftari. Nikachukia. Nikamwambia hunijui wewe, mimi nimekulea. Wiki hiyo wakaondoka wanne, na mmoja wao alikuwa mpiga nzumari wetu. Mpiga ngoma utapata mwengine, lakini mtu wa kupuliza nzumari, yule anayejaza hewa mashavuni akawa anavuta pumzi puani huku sauti haikatiki, huyo mtu unamlea miaka. Tulikaa karibu miaka miwili tukicheza sengenya, ngoma ya Wadigo, bila nzumari na kila mzee wa Kidigo aliyetuona alitikisa kichwa. Daftari lilikuwa safi, kosa langu ni kulificha.

Kwahivyo kabla ya kesi na kabla ya kuacha, fanya jambo hili moja. Hesabu ya shoo isomwe kwa sauti siku ile ile, ndani ya matatu mkirudi, kabla mtu hajashuka. Mfano tu, tuseme hoteli imelipa 18,000. Matatu ya kukodi kwenda na kurudi 3,500, chakula na maji 1,500, ya kutengeneza ngoma na nguo 1,000. Hizo zishakuwa 6,000, zimebaki 12,000. Wachezaji kumi kila mmoja 1,000 ni 10,000, na 2,000 inaingia kwa mfuko wa kundi. Asome mtu mwengine, si wewe. Apige picha ukurasa wa daftari autume kwa grupu ya WhatsApp ya kundi usiku huo huo. Dakika tano tu basi, na nakuhakikishia ile minong'ono ya kwenye kona itapungua nusu, kwasababu watu wataanza kubishana na hesabu badala ya kubishana na wewe.

Na katika hiyo hesabu jiweke na wewe. Nyinyi kina mama mna tabia ya kufundisha bure, kupiga simu bure, kushona bure, alafu mwaka wa tisa mnachoka kwa mpigo. Fundi analipwa. Mwalimu naye aandikwe pale, pesa kidogo lakini ionekane, isiwe ni kitu unachukua kimyakimya ama unakosa kimyakimya.

Sasa vyeo. Umeniambia wewe mwenyekiti, wewe mwalimu, wewe simu, wewe pesa. Dadangu hizo ni kazi nne! Pesa toa leo, usingoje kesho. Mchague mwekahazina, na akaunti ya benki iwe na sahihi tatu, pesa isitoke mpaka wawili waweke. Simu ya kazi inunuliwe laini yake. Kufundisha kaa nako kwanza, lakini kila ngoma iwe na msaidizi anayeweza kusimamisha mazoezi siku wewe una mgonjwa. Na kama hamjajiandikisha nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu, kuna sheria ya mwaka 2022 ya kusajili makundi ya jamii, mnatakiwa msipungue watu 10, muwe na katiba, na kumbukumbu ya mkutano mlioamua kuanzisha kundi na kuchagua viongozi. Nyinyi mko kumi na tano hata baada ya hao saba kuondoka, mnatosha.

Hiyo katiba msinakili ya kundi lengine mkabadilisha jina, nimeona nyingi hivo. Kaeni chini mjiulize mambo ambayo yashawauma. Mtu akiondoka anaondoka na nini? Ngoma iliyonunuliwa na pesa ya kundi ni ya nani, na ile ambayo mtu alikuja nayo kutoka kwa babake? Mwenyekiti anakaa miaka mingapi, na akikosea anatolewa vipi bila matusi? Andikeni kwa Kiswahili chenu kila mtu aelewe. Kurasa mbili mlizobishania wenyewe zina nguvu kuliko kurasa kumi na tano ambazo hakuna aliyesoma.

Hao saba usiwashtaki. Kwanza utathibitisha vipi ngoma ni za kundi kama hakuna daftari la vyombo? Utatumia pesa na siku kwa ngoma mbili na sketi, na mtaa mzima utagawanyika. Tafuta mzee anayeheshimiwa na pande zote, aende yeye, wewe usiende. Aseme tumekuja kuomba vyombo vya kundi, hatukuja kugombana, na mlango uko wazi kwa anayetaka kurudi. Wakirudisha, shukuru. Wakikataa, nunua ngoma nyengine, na safari hii iandikwe kwenye daftari imenunuliwa lini kwa pesa gani.

Kuhusu kundi lao jipya kuenda hoteli zile zile, najua inauma. Lakini mji huu haujawahi kuwa na ngoma bila mshindani. Makundi ya beni, ngoma ya tarumbeta na gwaride, yalishindana hapa kutoka zama za mkoloni, mtaa na mtaa, na lelemama, ngoma ya wanawake, ndo usiseme. Bibi zetu wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama vyenye vyeo, michango na sare, Ibinaal Watan upande huu na Banu Saada upande ule, wakijibizana kwa nyimbo na kwa karamu. Kuna walioingia madeni kwa kutaka kuwashinda wenzao, hilo tusilifiche. Lakini wanawake hao hao ndo walizoea kuitisha mikutano, kuchanga na kuchagua viongozi, na miaka ya 1950 wakatoka kwenye ngoma wakaunda vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyodai elimu. Nakutajia hawa kwasababu watu wakisikia uongozi wa kundi la sanaa wanafikiria ni kitu kimeletwa na wafadhili juzi. Wenyewe walikuwa nacho huko Mji wa Kale, Kibokoni na Kuze, zamani sana, bila kompyuta.

Mwisho hiyo masika. Ukisubiri hoteli, aprili mpaka juni utalia kila mwaka, wageni hawapo na mvua ipo. Lakini miezi hiyo hiyo ndo shule zinajiandaa kwa tamasha la muziki la kitaifa, lile lilianza 1927 na fainali yake huwa agosti, na wanaanzia chini huko mitaani mpaka kaunti mpaka mkoa. Walimu wengi wa shule wanapenda kuingiza ngoma ya asili lakini hawajui kufunga hando wala kupiga chapuo, ile ngoma ndogo. Nenda mwezi wa kwanza, usiende mwezi wa tano wakati washapata mtu. Wawili wenu wafundishe shule mbili tatu, malipo yaandikwe kabla, na tayari kundi lina pesa ya dawa ya mgonjwa wakati wa mvua.

Alafu hao watoto wa jumamosi usiwafukuze. Wape msichana mmoja mkubwa awasimamie, wewe kaa kitini utazame. Umetafuta miaka tisa watu wa kurithi na kumbe wanapiga hodi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni kiongozi kijana niko Changamwe. Mchezaji wangu bora wa chakacha ana miaka 15. Hoteli moja inataka shoo ya saa tatu usiku kila ijumaa na meneja ameomba huyo msichana hasa. Wazazi wake wamekubali kwasababu hali ngumu. Roho yangu inasita kidogo, lakini pia nikikataa tutapoteza kazi ya wachezaji kumi na wawili. Nisaidie.

JIBU: Kataa mwanangu. Hapa sina mambo ya upande huu na upande ule.

Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto ni yeyote chini ya miaka 18, na mzazi kukubali hakumgeuzi mtoto kuwa mtu mzima. Na wewe unaishi Pwani, unajua watoto wetu wameharibiwa vipi kwenye mambo ya utalii, hujaletewa habari hiyo kutoka mbali. Mtu mzima anapoomba mtoto mmoja kwa jina, kwa shoo ya usiku, swali la kwanza la kiongozi lisiwe ni shilingi ngapi. Hiyo roho inayosita isikilize, iko sawa.

Mpigie meneja umwambie kundi letu usiku linacheza watu wazima pekee, tuna wacheza chakacha wanne wazuri wenye vitambulisho, utawapenda. Akikataa kazi nzima kwasababu ya mtoto mmoja basi ushajua alichokuwa anataka, na wale kumi na wawili uwaeleze wazi kwanini. Nimewahi kupoteza kazi ya msimu mzima kwa sababu kama hii na wachezaji wangu walinuna mwezi mmoja. Baadaye mmoja wao, msichana aliyekuwa wa kwanza kulalamika, alimleta mdogo wake kwangu.

Huyo binti asikae bure lakini. Mchana ana nafasi nyingi, tamasha za shule, sikukuu, maonyesho ya wazi pale Mama Ngina ama ukumbi wa Tononoka. Weka kanuni za kundi na zisibadilike kwa mtu: watoto wanasafiri na mama mmoja wa kundi, wanavaa chumba chao peke yao, hakuna mgeni kumshika kiuno kwa picha, hakuna namba ya simu ya mtoto kupewa mgeni, na picha yake haiwekwi mtandaoni mpaka mzazi akubali, hiyo ni sheria ya data ya 2019 na si mapenzi yangu, na nyinyi muichukue kwa maandishi. Na ukihisi kuna mtu anamfuata, namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, wanapokea usiku na mchana.

Wazazi nao waendee nyumbani, usiwahukumu. Njaa ndo ilikubali pale. Ukiweza kumuunganisha baba ama mama na kazi ya kundi, kushona, kubeba vyombo, kupika siku za mazoezi, fanya hivyo.

SWALI: Assalam aleikum Mwalimu. Kundi letu liko Mikindani, vijana wengi ni Wamijikenda lakini tuko mchanganyiko. Tumetengeneza shoo ya dakika ishirini na tumeweka kipande cha kifudu kwasababu midundo yake inasisimua. Wazee watatu wamekuja mazoezini wamekasirika, wanasema hatuna adabu. Vijana wanasema utamaduni ni wa wote. Nani ana haki?

JIBU: Waaleikum salaam. Wazee.

Kifudu ni ngoma ya mazishi, ni ya kuwapa waliokufa heshima yao. Kuna ngoma za kufurahisha watu, sengenya, namba, gonda, hizo cheza mpaka miguu iume, na kuna ngoma zenye wenyewe na wakati wake. Kuchukua mdundo wa matanga ukauweka baina ya sarakasi na chakula cha jioni, mzee aliyezika wenzake kwa mdundo huo ataona umemchezea maiti yake. Vijana wakisema ni wa wote waulize, ni wangapi kati yao washawahi kukaa usiku mzima kwenye hayo mazishi?

Na hata kisheria, kuna sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inataka jamii yenyewe iombwe ruhusa kabla ya watu kufanya biashara na vitu vyake. Mila za kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, ziko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa haraka tangu 2009, na ulinzi huo hautaletwa na UNESCO, utaletwa na sisi tunaofanya mazoezi Mikindani.

Fanya hivi. Toa hicho kipande kwanza, kabla hujaenda kuongea nao, wasikie umeshakitoa. Alafu wewe na vijana wawili, hasa wale wabishi, nendeni kwa wazee hao nyumbani kwao mkakae. Msiende mikono mitupu. Waombeni wawafundishe ngoma inayofaa kuonyeshwa, na asili yake, na maneno ya wimbo kwa lugha yake. Mimi sijaona mzee wa ngoma aliyeombwa hivo akakataa, shida ni kwamba hawaombwi. Mmoja wao akikubali, awe mlezi wa kundi, aje mazoezini mara moja kwa mwezi, na nauli yake iwe kwenye ile hesabu niliyomwandikia dadangu wa Kisauni hapo juu.

SWALI: Mwalimu za siku. Tumefika hotelini tumevaa kabisa tunaambiwa shoo imehairishwa, hawalipi hata nauli. Mara ya pili hii. Tufanyeje? (Kiongozi, Bamburi)

JIBU: Poleni. Msiondoke nyumbani tena bila maandishi, hata meseji inatosha: tarehe, saa, watu wangapi, bei, na nusu ilipwe siku mbili kabla, na wakivunja siku yenyewe hiyo nusu hairudi. Wa kweli atakubali. Anayesema tuaminiane tu mwambie ndo maana tunaandika.

SWALI: Mwalimu ngoma zetu za ngozi mvua ikianza zinalia kama ndoo. Wengine wanasema tununue za plastiki. Unasemaje? (Likoni)

JIBU: Msinunue. Ngozi inakunywa unyevu wa bahari, lazima ilegee, na upande wenu wa Likoni mkivuka feri usiku na ngoma mabegani ndo kabisa. Zisikae sakafuni, ziwekeni juu kwenye kichanja, zifunikwe na leso kavu, si karatasi ya nailoni manake inazuia hewa. Siku ya shoo fikeni mapema, ombeni sehemu nyuma ya jikoni ama nje ya geti, washeni moto mdogo wa makuti. Ngoma ilale ubavu, uso wake utazame moto kwa umbali wa mkono mmoja, na mtu mmoja akae hapo tu, asiende kupiga soga. Kila baada ya dakika aguse ngozi kwa kiganja, ikiwa inachoma iko karibu sana. Apige kidole katikati asikize, mwanzo itajibu pu, pu. Ikianza kujibu ti, itoe hapo hapo, ukiiacha itapasuka.